Mstari wa Mwisho Kwenye Karte ya Ubatizo

Miye niko na sekretaria publike pale Birere, hapa Goma. Kwa nyinyi wa Dar ao Mombasa, ni kale kaduka ambako mtu anaingia na kle yake (flashi) ao na karatasi ya mkono yenye makosa, anatoka na barua safi inayoweza kupelekwa ofisini. Niko na printa mbili na fotokopi moja inayokohoa kama mzee wa tumbaku. Napiga CV, programu za harusi, barua za kuomba kazi kwenye mashirika, lakini wateja wanaonilisha kweli ni makanisa, juu makanisa yanakula karatasi sana wandugu, kila wiki kuna mwaliko, risiti, ratiba ya semina, cheti cha hiki na kile, na nimefika mahali naweza kukuambia karatasi ni ya Wabaptisti ao ya Wapentekoste kwa kuangalia tu vile wamepanga herufi.

Basi mwezi wa kumi 2025 pasta wetu wa kanisa la Anglikana aliingia (jina naliacha, tunakutana kila Jumapili) anataka karte za ubatizo mia mbili. Zile za zamani zilikuwa zimeisha, na kaboksi kamoja kaliloa maji mwanzo wa mwaka, ule mwanzo wa mwaka ambao wote tunaujua, waasi wa M23 walipouchukua mji. Nikafungua faili. Juu kuna jina la kanisa, katikati nafasi ya jina la mtoto na wazazi na wasimamizi, na chini kabisa, herufi ndogo, mstari mmoja unaosema kanisa hili liko katika ushirika na Kiti cha Canterbury. Sikuwahi kuusoma hata mara moja, na ni miye naziprinti miaka saba sasa.

Pasta akausonta na kidole, akanyamaza kidogo.

"Ule mustari wa mwisho, tuuache ao tuutoe?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nieleze kwa wale ambao hawafuati haya mambo. Tarehe 3 Oktoba Uingereza ilimtangaza Sarah Mullally kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, yule anayehesabiwa wa kwanza kati ya maaskofu wa Anglikana duniani, mwanamke wa kwanza kwenye kile kiti, nesi huyo, aliwahi hata kuwa mkuu wa manesi kwenye serikali ya kule. Nafasi ilikuwa wazi tangu Justin Welby alipotangaza kujiuzulu Novemba 2024 kwa ajili ya ile kesi ya zamani ya vijana walioteswa na kiongozi wa kambi za kikristo na kanisa likafunika. Halafu wiki mbili tu baadaye, 16 Oktoba, viongozi wa GAFCON wakatoa tangazo. GAFCON ni ule muungano wa Waanglikana wanaoshikilia mafundisho ya zamani, ulianza Yerusalemu 2008. Wakasema Canterbury si kitovu chao tena, hawatakwenda kwenye mikutano anayoita askofu mkuu wa kule, hawatatoa pesa kwa baraza la Ushirika wala kupokea kutoka kwake, wao wenyewe ndio Ushirika wa Kianglikana wa ulimwengu, na majimbo ambayo katiba zake bado zinataja ushirika na Canterbury yanahimizwa yafute.

Yafute. Njo maana pasta alikuwa amesimama mbele yangu na kidole kwenye ekrani. Katiba ya kanisa ni kazi ya sinodi na maaskofu, inaweza kuchukua miaka, lakini karte ya ubatizo inaprintiwa Birere kwa kijana mmoja mwenye deni la toneri.

Grupu yetu ya WhatsApp ya parokia ile wiki haikulala. Nusu ya mesaji zilikuwa juu ya mwanamke, na hapo ukweli sikuelewa kelele, juu huku kwetu Congo tunao mama mapasta siku nyingi, wanatubatizia watoto na kutuzikia wafu na hakuna aliyerudisha mtoto wake kusema hajabatizwa vizuri. Kenya, ambayo iko ndani ya GAFCON yenyewe, ina maaskofu wanawake tangu 2021. Sudan Kusini ilimweka wa kwanza 2016. Nigeria haitaki kusikia hata mama pasta wa kawaida, na hao wote wanakaa meza moja ya GAFCON wanakunywa chai. Kumbe inawezekana kutofautiana jambo kubwa na mkabaki mezani, nikaandika hivyo kwenye grupu, mama mmoja wa komite akanijibu na kidole gumba, sijui kilikuwa cha kukubali ao cha kunifunga mdomo.

Jambo lenyewe ni lile lingine, wote tunalijua. Februari 2023 sinodi kuu ya Kanisa la Uingereza ilikubali maombi ya kubariki wenzi wa jinsia moja, na kabla mwezi haujaisha maaskofu wakuu kadhaa wa Kusini ya dunia, wa kwetu wa Congo akiwemo, wakatia sahihi kwamba hawawezi tena kumhesabu wa Canterbury kama kiongozi wao wa kwanza. Na msimamo wangu nauweka hapa mapema usije ukanitafuta chini kwenye komenti: ndoa ni mume na mke, hivyo nilifundishwa, hivyo naamini. Sibishi hapo. Ninachobisha ni habari ya nani anatoka kwenye nyumba na nani anabaki, na neno "Anglikana" linabaki na nini ndani likishafutwa ule mstari.

Juu kusema ukweli Goma ukisema wewe ni Anglikana watu wanakuangalia tu. "Kanisa la Waingereza." Mji wa Wakatoliki na CBCA (Wabaptisti) na CEPAC (Wapentekoste), mji wa watu waliozamishwa mwili mzima kwenye ziwa Kivu mchana kweupe, halafu weye unakuja na kitoto kimemwagiwa maji ya kikombe. Nilipokuwa shule walikuwa wananiuliza kama kwetu tunaomba kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza! Kanisa letu halikutoka London, lilitembea kwa miguu kutoka Uganda. Lilikuja na Apolo Kivebulaya, Mganda, akaingia Boga 1896 wakati hata haijulikani vizuri Boga ni ya nani, baadaye wazungu wakachora mpaka upya Boga ikaangukia kwa Wabelgiji na kanisa likabaki peke yake ndani ya koloni la Wakatoliki. Jina lenyewe Kivebulaya ni la utani, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, kwa ajili ya koti jekundu alilokuwa anavaa. Mweusi tii, na jina lake ni "kitu cha Ulaya". Yaani hadithi yetu yote iko ndani ya ile koti. Alifungwa, alipigwa, na kabla ya kufa 1933 akaomba wamzike kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Congo, si mashariki kwao kama desturi ilivyotaka. Mama yangu ni wa Boga, hiyo ya kichwa kuelekea magharibi tulikuwa tunaisikia kabla ya kulala.

Na hata sisi kwa sisi hatufanani. Nilikwenda Lubumbashi mara moja kwa harusi ya binamu, nikaingia kanisani nikafikiri nimepotea nimeingia kwa Wakatoliki, mishumaa, mavazi, watu wanajipiga ishara ya msalaba, juu wao Uanglikana ulipandia Zambia pamoja na watu wa migodi, na Zambia ilifundishwa na wamisionari wa aina ile. Sisi wa mashariki tuna damu ya Uganda, ya Balokole, wale wa uamsho, tunapenda kusimama na kutubu kwa sauti. Kanisa moja, askofu mkuu mmoja, na ukiweka ibada ya Katanga na ya Boga kwenye video mbili mtu atakuambia hizo ni dini mbili.

Halafu juu ya hayo yote tuko ndani ya ECC. Hii ni habari ya Congo tu, wengine hamna. Mwaka 1970 Waprotestanti wote wakaingizwa ndani ya mwavuli mmoja, Église du Christ au Congo, na mwisho wa 1971 sheria ya Mobutu ikasema Mprotestanti asiye chini ya ule mwavuli serikali haimjui, basi kila kanisa likapewa namba likaitwa komunote, na hadi leo mtu anakuambia "miye ni wa tano" ao "miye ni wa nane" kama vile ni mistari ya basi. Ulaya walizungumza umoja wa makanisa miaka mia, huku kwetu ulifika kwa sheria. Na ajabu ni kwamba umedumu! Mbaptisti na Mpentekoste na Anglikana tunazikana, tunaoana, tunagombania viwanja, na hakuna anayeuliza meza ya mwenzake iko sawa ao haiko. Siusifu Mobutu. Nasema tu.

Sasa babu.

Babu mzaa mama alikuwa na wake wawili kabla Injili haijamfikia vizuri, nyanya yangu ni wa pili. Nyanya alibatizwa, babu hapana. Njo sheria ilivyokuwa, na haikutungwa Boga, ilitoka Lambeth, mkutano wa maaskofu wote, mwaka 1888: mwanaume wa wake wengi asibatizwe, akae kwenye mafundisho mpaka atakapoweza kutimiza sheria ya Kristo, wake zake wanaweza kukubaliwa mahali pengine kwa uamuzi wa kule kule. Kutimiza maana yake afukuze mmoja. Afukuze nani? Yule wa kwanza mwenye watoto sita ao nyanya yangu mwenye wanne? Hakufukuza mtu. Alikwenda kanisani maisha yake yote, akikaa kwenye benchi ya mwisho karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti, na Meza ya Bwana ikianza anatoka polepole anasimama nje chini ya mti mpaka wimbo wa mwisho. Hana karte. Kwenye sanduku la nyanya kuna karte yake nyanya, ya mama, za wajomba, ya babu hakuna. Alikufa 1985.

Mwaka 1988 Lambeth ikabadilisha. Ikasema mwanaume wa wake wengi akiitikia Injili abatizwe, yeye na wake zake wanaoamini na watoto, kwa masharti kwamba hataongeza mwingine na kwamba kanisa la mahali pale limekubali, wala asilazimishwe kumfukuza mke akateseka. Miaka mia kamili. Babu alikosa kwa miaka mitatu.

Na kabla ya hiyo 1888 kulikuwa na askofu mmoja kule Natal, Colenso, aliyewaambia wenzake mapema kabisa kwamba kufukuza wake ni ukatili kuliko kuwaacha. Walimwona mzushi, zaidi kwa vile alivyoandika juu ya vitabu vya Musa, na fujo yake njo ilisaidia kufanya maaskofu waitwe Lambeth mara ya kwanza, 1867. Yaani mkutano wenyewe ambao leo tunagombana kwenda ao kutokwenda ulizaliwa na ugomvi uliowaka Afrika. Mtu akiniambia Waafrika hatujawahi kubadilisha kitu kwenye habari za ndoa namwambia akaangalie sanduku la nyanya yangu.

Nikaona nimepata hoja. Nikampelekea mama. Mama yangu ni wa kutoka, kabisa, tangu 2003 Wamarekani walipomweka yule askofu wao aliyekuwa anaishi na mwanaume mwenzake. Alikuwa anachambua maharagwe, nikamwambia mama, babu alikatazwa meza miaka yote na hakutoka kwenye kanisa, sasa nyinyi hakuna aliyewakataza kitu mnataka kutoka?

Akaacha maharagwe.

"Usimuchanganye baba yangu na hayo mambo. Baba hakuomba hata siku moja pasta aje amubarikie wale bibi wawili. Alikaa pale ku mulango juu alikubali kama Neno liko yulu yake. Hawa ba Ulaya banataka Neno lishuke likae ku mulango, bao bakae mbele."

Sikuwa na jibu. Bado sina. Nilijaribu ya 1988, kwamba kanisa lenyewe lilikuja kusema babu angeweza kubatizwa na wake zake wote wawili, akaniuliza babu yako alikufa mwaka gani, nikasema themanini na tano, akasema "basi", akarudi kwenye maharagwe. Na nikifikiri vizuri ana haki kwenye kitu kimoja ambacho wasomi wa upande wa pili wanakiruka wakileta hoja ya wake wengi kama ushahidi wao: 1988 haikubariki wake wawili. Ilisema huyu mtu tumpokee alivyo na hapo hapo asiongeze. Hiyo ni huruma yenye mpaka. Lakini na mama naye anaruka kitu, juu babu hakukubali tu, babu aliumia, nyanya alituambia kuna Jumapili alirudi nyumbani hasemi mpaka Jumatatu. Mtu anaweza kunyenyekea na kuonewa siku moja.

Nifike sasa pale ambapo hii habari inanichoma mimi wa Goma na haimchomi mtu wa Lagos wala wa Sydney.

Aprili 2023 GAFCON ilikutana Kigali, watu 1,302 kutoka nchi 52. Kigali! Kwa basi ni masaa machache kutoka hapa. Watu walipanda ndege kutoka Australia na Marekani kuja kuzungumza kama tunaweza kuendelea kutembea na London, na ile wiki yenyewe pale Kanyaruchinya, juu kidogo ya mji wetu, watu walikuwa wanalala chini ya mahema juu ya mawe ya volkano, wamekimbia Rutshuru. Mwenyekiti wa GAFCON wakati wa lile tangazo la Oktoba 2025 alikuwa Askofu Mkuu wa Rwanda, Laurent Mbanda. Simjui, simsemi vibaya, tena kwa mafundisho ya ndoa niko naye upande mmoja kabisa. Njo tatizo. Kwa karatasi, niko ushirika mzuri na Kigali na niko ushirika mbaya na Canterbury. Kwa mwili ni kinyume, sina ugomvi wowote na mtu wa Canterbury, sijawahi kumwona, na kuna siku mwanzo wa 2025, mji ulipokwisha kubadilisha mikono, M23 ndani na Rwanda ikisemwa iko nyuma yao, benki zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, nilikuwa nikisikia tu mtu anasema Kinyarwanda kwenye foleni ya maji shingo inakaza.

Na wale ni wa nyumba moja na sisi, hiyo siyo maneno ya mahubiri. Kuanzia 1980 mpaka 1992 Burundi, Rwanda na Zaire yetu tulikuwa jimbo moja la Anglikana, askofu mkuu wa kwanza alitoka Bukavu. Mama anakumbuka wamama wageni kutoka Butare wamelala kwao siku nne kwa ajili ya semina, wakawafundisha kushona. 1992 tukajitegemea, na miaka miwili baadaye, mnajua.

Jumapili moja ya ule Machi 2025 mama mmoja wa Gisenyi, upande wa Rwanda, alikuja kusali kwetu. Anauza karoti, alivuka kwa jeto (kibali cha mpakani) kama wanavyovuka maelfu kila siku, sijui kwa nini hakusali kwao, labda alilala huku. Alikaa kwenye benchi yangu. Ilipofika mahali pa kupeana amani nilimpa mkono, na uso nikaupeleka upande wa madirisha. Aliona. Halafu tukaenda mbele tukapiga magoti kwenye mstari mmoja, kikombe kikapita kwake kikaja kwangu, nikanywa. Yule mama tulikubaliana mafundisho yote, la kwanza mpaka la mwisho, hakuna askofu duniani angetutenga.

Kwa hiyo watu wakiniletea mjadala wa nani ameuvunja Ushirika, tarehe gani, tangazo gani, nasoma yote, napenda hata, ni kazi ya akili na lazima mtu aifanye. Kuna tume moja ya Ushirika ilileta mapendekezo 2024, wanayaita ya Nairobi na Cairo, kwamba uongozi uzunguke, si lazima Canterbury iwe kichwa siku zote, na miye naona hiyo ina akili kuliko kelele za pande zote mbili, ingawa kwenye grupu yetu hakuna aliyeisoma. Ila mara nyingi nikiwa katikati ya kusoma nakumbuka lile dirisha.

Turudi dukani, pasta bado amesimama.

Nikamwambia Pasta, miye siyo sinodi. Akasema anajua. Akasema shida yake, wazazi wa Jumapili wanataka karte, wengine watoto wao wanaandikishwa shule, na akifuta mstari kabla askofu hajasema atakuwa amejitangaza, na akiuacha kuna wazee wawili wa komite watamuuliza. Akanitazama kama vile ningepata njia ya katikati ndani ya mashine. Nikamuuliza kama tunaweza kupunguza herufi. "Iko kidogo tayari," akasema. Tukajaribu kuisogeza chini mpaka ukingoni ambako printa wakati mwingine inakata, tukaona hiyo ni uongo wa wazi kupita kufuta, tukairudisha.

Umeme ukaenda. Tukakaa gizani na harufu ya toneri, akanisimulia kwamba yeye alibatizwa Boga, na aliyembatiza alikuwa anahesabu majina ya wote waliopita mbele yake mpaka kwa Apolo, kama ukoo. Baadaye jirani akawasha grupe (jenereta), nikaomba waya, nikaprinti mia moja na mstari wake. Ile mia nyingine tukasema tungoje.

Jumapili walibatizwa watoto kumi na mmoja, mmoja ni wa dada yangu. Mama akavaa miwani akasoma karte kuanzia juu, jina, wazazi, wasimamizi, tarehe, akafika chini akaisogeza kwenye mwanga.

"Hapa pamefutika. Nani alifuta?"

"Hakuna aliyefuta mama. Ni toneri."

Akaikunja akaiweka ndani ya Biblia, hakusema kama amefurahi.